Ulezi wa Bibi Kiwanjani

Wiki iliyopita mjukuu wangu alianza kutembea. Alipojikwaa kizingitini nikafungua kinywa kusema, "Mwacheni, asiyeanguka hajifunzi," kisha nikanyamaza. Maneno hayo ni ya bibi yangu, na yeye mwenyewe aliacha kuyasema nilipokuwa na miaka minane.

Tulikaa nje kidogo ya mji wa Iringa, miaka ya hamsini, jirani na kiwanja kidogo cha ndege. Changarawe yake ilishindiliwa vizuri, safi kuliko ua wa nyumba yoyote, na wanawake wa kwetu hawakuona sababu ya kuacha uzuri ule ukae bure. Baada ya mavuno, baridi ikiuma, walianika ulezi pale. Mlinzi alikuwa na filimbi ya kutufukuzia, lakini alikuwa na kiu pia, na komoni, pombe aliyopika bibi, ilisifika. Filimbi ililia mara chache sana. Tena tulijiona wajanja: ndege siku zote zilitua kutoka upande wa mto na kusimama kabla ya kutufikia, basi sisi tulianika ncha ya pili.

Mwaka ule mzungu mmoja alikuwa akimfundisha kijana wa kwao kurusha ndege. Walipanda, wakazunguka, wakashuka wakidundadunda, nasi watoto tukacheka mpaka mbavu zikauma. Bibi, akigeuza ulezi kwa nyayo zake, alitukemea. "Mwacheni mtoto wa watu. Asiyeanguka hajifunzi."

Asubuhi moja tulimwona mwalimu akishuka, akaupigapiga ubavu wa ndege, akabaki chini. Kijana akaruka peke yake kwa mara ya kwanza. Huku nyuma upepo ukageuka, na kwa kuwa ndege hutua ikiukabili upepo, aliporudi alikuja kutoka upande wetu.

Tulikimbia wote isipokuwa bibi. Alikuwa ameinama akizoa ulezi kwa ungo, kwani kazi ya msimu mzima haiachwi hivi hivi. Nilimwita kwa nguvu. Akasimama wima, ungo mkononi. Ndege ikainua pua, ikampita juu ya kichwa, upepo wake ukamvua kanga. Ikakata kona ikiwa chini mno, bawa moja likalala, ikaanguka kwenye mabua ya mahindi. Kijana hakutoka.

Waliokuja kuuliza, mlinzi aliwaambia kiwanja kilikuwa kitupu. Bibi aliposikia akawaka. "Kitupu? Mimi nilikuwa nini, kisiki?"

Kesho yake alinyoa nywele kama aliyefiwa, akanishika mkono mpaka kwa yule mwalimu, akaketi sakafuni barazani kwake kama tuketivyo msibani.

"Pole, bwana," alisema. "Aliyesimama njiani ni mimi. Ulezi ni wangu."

Mzungu alikisogeza kiti chake kando. Halafu akaketi naye pale chini, jambo ambalo sikuwa nimeliona maishani.

"Hapana, mama," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mimi nasema yeye tayari. Yeye bado."

Wakakaa hivyo, kila mmoja akigombea lawama isimwangukie mwenzake, na hakuna aliyeshinda. Nililia njia nzima kurudi nyumbani, maana mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Ulezi ule hatukuula wala kuupika pombe. Bibi aliumwaga shambani, wakaudonoa kwera na ndege wengine wadogo. Leo kiwanja kimejaa nyumba za bati, mlinzi na komoni yake hawapo, na hakuna wa kumuuliza kama kijana yule angetua salama bila sisi. Bibi alikwenda kaburini na swali hilo.

Ninachokumbuka ni mdogo wangu alipoanza kutembea, mwaka uliofuata. Bibi alimfuata uani kutwa nzima, mgongo umepinda, mikono ameinyoosha mbele, akikataa kupumzika. Mama alimcheka, "Mwache aanguke, si ulisema mwenyewe?" Bibi akaisogeza mikono karibu zaidi na mtoto.

Basi wiki iliyopita niliinuka kitini, magoti yakilalamika, nikamfuata mjukuu wangu kwa nyuma, mikono mbele.