Mikono ya Mpiga Chapa

Mpiga chapa wa Mtaa wa Msimbazi hakugusa nota za mashindano ya tarumbeta kabla ya kunawa mikono mara tatu. Kisha alikagua kila mstari akiuimba puani, na akiridhika alitangaza kwa sauti ya mahubiri: "Hapa hamna kosa." Kwa hiyo Sabasaba ile, pale Mnazi Mmoja, kundi la kwanza lilipotoa mlio wa kukwaruza katikati ya wimbo, aliwasikitikia. La pili lilipokwaruza palepale, aliinama kufunga kamba za viatu. Hadi la tano, bado alikuwa anafunga.

Kundi la sita lilikuwa limeisahihisha nota ile iliyokwaruza kwa kalamu, likapiga wimbo mzima bila doa. Jaji, aliyekuwa akifuata karatasi iliyochapwa, akawapunguzia alama, na zawadi, tuba mpya, tarumbeta kubwa la besi, kitu adimu siku hizo kuliko sukari, ikaenda kwa wakwaruzaji.

"Ndugu, mwambie jaji ni kosa la chapa," kiongozi wa kundi la sita, Anaeli, alimsihi mpiga chapa.

Mpiga chapa aliinuka taratibu. "Mngepiga kilichoandikwa, ndugu yangu."

Akarudi dukani. Hakuwa na kazi ya kuchapa siku hiyo, lakini alinawa mikono, na safari hii hakuhesabu.