Randa Ndogo ya Yu Tini na Milango Isiyotulia

Maji ya rob, bahari inapojaa na kuvamia nchi kavu, yameingia sebuleni hadi kwenye vifundo vya miguu. Wartini amepiga magoti juu ya meza ya chakula, akipiga randa mlango wa kabati la vyombo. Kifaa chake kinaenea kiganjani: mashine ndogo ya betri yenye ncha inayozunguka, kama zile za wachonga vinyago, iliyofungwa randa ndogo mbele yake. Inalia kama nyigu aliyefungiwa chupani. Anaipitisha ukingoni mwa mbao, anapuliza unga, anafunga mlango. Unafunga. Anaufungua, anaufunga tena, kisha anaukodolea macho kama mtu asiyeamini.

"Leo umekubali," anasema. "Kesho sijui."

Mwenye nyumba anamletea chai na vipande vya moto vya tempe, soya iliyochachushwa na kukaangwa. Wartini anakula akiwa hapo hapo juu ya meza.

Ana umri wa miaka arobaini na sita, na hapa Tirangsari, mashariki ya jiji la Semarang, kila mtu humwita Yu Tini, yaani dada Tini. Ardhi ya kitongoji hiki inashuka na bahari inapanda. Watu huinua sakafu kwa udongo na zege, mwaka baada ya mwaka, hadi sebule nyingine huingii bila kuinama. Milango hukatwa chini, madirisha hufika usawa wa magoti, droo hukwama. Kazi ya Yu Tini ni kuvifanya vifunge.

Mbao alizijulia mjini Jepara, katika karakana ya samani alikopiga msasa kwa miaka mingi mpaka karakana ikafungwa. Akarudi nyumbani na akiba kidogo. Badala ya kununua randa kubwa ya umeme, alinunua hii.

"Walinicheka sana," anasimulia. "Mmoja aliniuliza, 'Yu, hiyo ni ya kukatia kucha?' Lakini randa kubwa inataka uushushe mlango, uulaze, mtu wa pili ashike. Mimi niko peke yangu. Kwa hii naranda mlango ukiwa umening'inia, nautilia kabari tu usicheze. Inatoa mbao nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukiwa na haraka, inakuchimbia shimo."

Kwa miaka kadhaa kazi hiyo ilimlisha bila maswali. Maswali yalianzia kwa Mbah Kasminah.

Mbah, bibi mjane anayeishi peke yake karibu na tuta la kuzuia bahari, alikuwa na mlango wa mtiki chumbani mwake, aliochongewa alipoolewa. Ulianza kukwama juu, upande wa kitasa. Yu Tini akauranda, akaacha nafasi ya kupitisha kidole. Hazikupita siku nyingi, Mbah akamfuata nyumbani.

"Nduk, mwanangu, mlango umeniuma tena."

Akaenda akauranda tena. Safari iliyofuata ulikuwa unasugua chini.

"Nilichanganyikiwa," anakiri. "Nikadhani kisu kimelegea. Nikaifungua randa yote, nikakaza skrubu, nikajaribu kwenye kipande cha mbao. Inakata vizuri! Nikasema ni unyevu, mbao imevimba. Lakini ilikuwa kiangazi, mbao zote zimesinyaa. Huu wa Mbah tu ndio unanenepa?"

Jirani yao, Pak Rusmanto, muuza samaki wa moshi, alikuwa na jibu lake, na alilitoa mbele za watu.

"Yu Tini mjanja! Anaranda kidogo kidogo ili aitwe tena. Daktari gani anamponya mgonjwa moja kwa moja?"

Watu waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliporudi nyumbani alijiuliza kama kweli mkono wake unafanya hivyo bila yeye kujua.

Kisha ikaja asubuhi ambayo maji yalipanda kwa kasi kuliko kawaida. Pak Rusmanto alisikia kishindo nyumbani kwa Mbah. Akaingia na kumkuta amekwama chumbani, anaugonga mlango kwa kandambili. Dirisha lilikuwa na nondo. Pak Rusmanto akavuta, mlango haukutikisika. Akaenda kuchukua shoka.

"Usiuvunje mlango wangu!" Mbah alipiga kelele kutoka ndani.

"Mbah, maji yanapanda!"

"Nimepanda kitandani! Mwite Tini!"

Yu Tini alifika amelowa hadi mapajani. Safari hii randa haikuwa na pa kupita: mlango na fremu vilikuwa vimebanana kama meno. Akaifungua, akafunga kisahani kidogo cha kukatia mahali pake, akakata mstari kwenye fremu pale ilipouma. Kisahani kikabanwa na mbao, kikavunjika. Akafunga kingine. Mlango ulipoachia, Pak Rusmanto aliuvuta akaanguka nao majini.

Mbah alisimama kitandani, sketi imekunjwa magotini, kanzu yake ya kuswalia mikononi. Neno lake la kwanza likawa, "Mmeukwaruza?"

Maji yaliposhuka, Yu Tini alifunga nati kwenye uzi na kuuning'iniza juu ya fremu. Chini, uzi ulisimama vidole vinne mbali na mwimo. Pak Rusmanto aliutazama, akaugusa, akautazama tena.

"Yu, mlango wako haujapinda," alisema polepole. "Nyumba ndiyo inalala."

Aliomba radhi siku hiyo hiyo, kwa namna yake: alimletea samaki wawili na hakusema ni wa nini.

Yu Tini hakupata nafuu aliyoitarajia. "Nilikuwa naupunguza mlango ulionyooka ili ufanane na nyumba inayoanguka. Sasa nimjibu Mbah nini? Nimwambie ahame? Ahamie wapi? Au niendelee kuranda mpaka mlango uishe?"

Hatimaye aliupasua mlango ule vipande vyembamba, Mbah akiwa amemsimamia kila kipande. Akaranda kingo zake kwa randa ndogo, akaunda mlango mwepesi unaoning'inia kwenye ufito na kuteleza kando, usiohitaji kubanana na fremu.

Siku ya kuujaribu waliufunga vizuri. Wakarudi nyuma kuutazama. Mlango ukaanza kufunguka wenyewe, taratibu.

"Marehemu kaja," Mbah alinong'ona.

Pak Rusmanto alikuwa ameshakimbilia barazani. Yu Tini alicheka mpaka akaketi chini, kisha kicheko kikakatika. Ufito ulifuata mteremko wa nyumba. Akatoboa safu ya matundu kwenye nguzo inayoshika ncha moja ya ufito. Sasa nyumba ikishuka, Mbah huchomoa kigingi kinachoushika ufito na kukipandisha tundu moja.

"Na matundu yakiisha?" namuuliza.

Yu Tini anafuta randa kwa pindo la nguo. Dada yake wa tumbo moja yuko Ungaran, milimani, na amempa chumba cha kufanyia kazi. Alikwenda kukaa siku chache.

"Kule milango yote inafunga. Kap! Kap! Nilipita nyumba kwa nyumba, hakuna aliyenihitaji. Nikajiuliza, mimi nakula kwa sababu kwetu kunazama? Nikasikia aibu, nikarudi. Niliporudi nikaona aibu nyingine, ya kufurahi kuitwa."

Nyumba tatu zimeshamwomba milango ya kuteleza kama wa Mbah. Anataka kufundisha wanawake wawili kuitengeneza, kisha aamue kama atabaki. Namuuliza anatumaini nini hasa. Maji yanacheza chini ya meza.

"Nataka nitundike mlango mmoja tu, halafu mwaka mzima mwenyewe asiniite. Nipite barabarani, niusikie ukifungwa, niende zangu. Kama mlango huo unaweza kuwa hapa, nitabaki. Kama hauwezi..."

Anaiwasha mashine, kisha anaizima.

"Hapo ndipo sijui, ndugu yangu. Wewe unajua?"