Buibui Katika Mtungi wa Bi Esha

Kuna wanawake tisa hapa Shela ambao hata leo wakinipita njiani hushika ushungi, hukohoa mara mbili, kisha hucheka mpaka wafike kona. Siwalaumu, kwa sababu walichokiona walikiona kweli: mimi, Omari, mtu mzima na ndevu zangu, mbele yao na kikoi kilicholowa na povu la sabuni kichwani, nikimsihi buibui arudi chumbani kwake. Chekeni na nyinyi, nimeshazoea, ila nisikilizeni mpaka mwisho.

Buibui huyo nilimchimbua mwenyewe kwetu Mkokoni, nilipokwenda kumsalimu mama na kumsimamishia nguzo za ua. Jembe lilipobomoa mlango wa shimo lake akatoka, mkubwa kama kiganja changu, kahawia ya kung'aa, manyoya mwili mzima, na badala ya kukimbia (aliyekimbia ni mimi) akanyanyua miguu ya mbele, akafunua meno mawili meusi na kulipiga jembe. Jembe! Chuma! Nikarudi, nikachuchumaa mbali kidogo nikimtazama, nikajiambia kiumbe huyu hamjui mkubwa. Nikamfunika kwa ndoo ya rangi, nikaja naye Shela, nikamweka katika stoo ya bustani ninayoitunza kwenye nyumba moja ya wageni, nikawa nampa mende na nyenje. Siku moja nikamkuta kalala chali, miguu juu, nikalia (ndiyo, nililia), kumbe anajivua: alipasuka taratibu, akachomoa mguu mmoja mmoja, yote minane, akaiacha ngozi pale nzima na manyoya yake kama mtu aliyevua kanzu. Ile ngozi niliihifadhi kwenye kikopo chenye pamba. Tangu siku hiyo sikuweza kumwacha.

Basi nikamwoa Salma. Mnaijua ada ya hapa, mke haendi kwa mume, mume ndiye anayefunga begi kwenda kwa mke, na nyumba ni ya kina mke. Mama yake, Bi Esha, ni mjane mwenye sauti ndogo na macho ya kupenya ukuta. Mume wa dada yake Salma alishikwa na uwongo mmoja tu, na jioni ileile alikuta begi lake limekaa barazani likimngoja. Salma alinionya mapema: Mama husamehe mengi, uwongo hasamehe. Sasa siku naingia, Bi Esha akalitazama begi langu, akaniuliza, "Omari, zitu zako ni hizi tu?"

"Ni hizi tu, Mama."

Neno dogo, na nilijitetea kwamba si uwongo hasa, maana buibui yuko stoo, hayuko nyumbani. Lakini wiki haijesha tajiri wangu akaamuru stoo ipakwe chokaa, nikarudi nyumbani na ndoo chini ya kitambaa, tena imepasuka ufa. Nikaangaza chumbani. Katika kidaka, kile kishubaka cha ukutani cha kuwekea mapambo, ulisimama mtungi wa kauri, mweupe wenye maua ya buluu, mrefu, una kifuniko, wa nyanya yake Bi Esha. Sikuwahi kuona mtu akiufungua. Nikasema usiku mmoja tu, kesho nitatafuta ndoo nyingine, nikamimina mchanga na udongo na mgeni wangu ndani.

Asubuhi nilipoinua kifuniko nikakuta ameshachimba. Alikuwa anabeba udongo kwa mdomo, tonge kwa tonge, na mlango wa shimo ameuzungushia hariri nyeupe laini kuliko kitambaa chochote alichonacho Salma. Ningembomolea vipi? Nikamwacha. Siku moja ikawa wiki tatu, na kila baada ya sala ya alfajiri, Salma akiwa jikoni, mimi niko kidakani nimeshika pumzi, nikimtazama mtu aliyejijengea nyumba bila fundi.

Ikaja Ijumaa. Baada ya alasiri niliingia kuoga (chumba chetu cha kuogea kiko nyuma ya chumba cha kulala, hakuna njia nyingine ya kutokea), nikijua nyumba ni tupu. Nimeshajipaka sabuni kichwa kizima, nasikia sauti za wanawake, nyingi, wametoka hapahapa Shela kuja kumtembelea bibi harusi na kutazama chumba chake. Hapo sawa, ningekaa ningoje. Kisha nikamsikia Bi Esha: "Salma, ndoo hapa uniteremshie mtungi wa nyanya. Yeo nitatia asumini."

Mwanamume akitaka kupita penye wanawake hukohoa, nao hujifunika, ndiyo adabu. Nikakohoa. Nikasikia nguo zikivutwa, wananingoja nipite. Nipite vipi na kikoi? Nikakohoa tena, kwa nguvu, nikitumai Mungu atakifanya kikohozi kiwe maneno.

"Bwana Omari," akasema Bi Esha kwa upole, "una kohozi? Salma, mtilie mumeo tangawizi."

Wakacheka. Nami nilichokiogopa si kicheko. Niliogopa kusema, kwa sababu nikisema "kuna buibui" nimesema pia "nilikudanganya", na begi langu naliona barazani. Nikapiga hesabu hiyo ya kijinga mpaka niliposikia kauri ikigusana na kauri, kifuniko kinainuliwa, na nikaona akilini mkono wa mama mtu mzima umejaa maua unashuka juu ya yale meno. Nikatoka mbio.

"Mama, usitie mkono!"

Mayowe! Nusu walijifunika nyuso, nusu walisahau. Mkono wa Bi Esha ulisimama shubiri moja juu ya mtungi, asumini zikidondoka, na zilipomwangukia buibui mwenyewe akapanda, akakaa ukingoni, akanyanyua miguu yote ya mbele na kufunua meno. Mkono mmoja nimeshika kikoi, wa pili nakitwaa kifuniko, povu linaniingia machoni, nasema, "Rudi, tafadhali, rudi," naye akakipiga kifuniko, tak, tena, tak. Hakuna aliyenitazama mimi. Tulikuwa watu kumi na wawili tumemwogopa mmoja, naye hakumwogopa yeyote.

Bi Esha hakurudi nyuma. Aliinama kidogo. "Subhana Llah," akasema, "mato yangu hayayaona kiumbe kama hiki." Buibui akashuka kinyumenyume, taratibu, kama aliyemaliza mazungumzo, akaingia shimoni kwake. Nikafunika. Ndipo macho yale yakaniinukia.

"Ni wako?"

"Ni wangu, Mama."

"Hukuniambia ni hizi tu?"

Nikainamisha kichwa, povu likadondoka juu ya zulia. Salma alikuwa analia kimya mlangoni, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

"Huyu hana uwongo," akasema Bi Esha akiuonyesha mtungi. "Asotaka watu asema hataki. Mpeleke kwao. Ukirudi na mtungi mzima, ndia ya hapa waiyua. Ukivundika, keti kuko kuko." Yaani mtungi ukivunjika, nibaki hukohuko Mkokoni.

Kesho yake nilikaa ndani ya boti saa kadhaa nimeupakata ule mtungi kama mtoto mchanga, kila wimbi nasoma dua. Asubuhi iliyofuata, Mkokoni, nikamchimbia shimo karibu na ua wa mama, nikaulaza mtungi, nikangoja tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Alipotoka hakunitazama. Akanyanyua miguu kidogo, kwa desturi yake, akaingia ardhini, nikabaki nimekaa vumbini nimeshikwa na upweke wa ajabu.

Mtungi niliurudisha mzima, pamoja na kile kikopo cha pamba, nikamkabidhi Bi Esha na kumwambia, "Mama, nilikuwa na hiki pia." Aliifunua ngozi, akaigeuza mkononi. Sasa iko kidakani kando ya mtungi, ndani ya kioo, na wageni wakiuliza huwaambia ni nguo ya mkaazi aliyemfundisha mkwe wake kusema. Begi langu bado liko chumbani. Lakini kila nikitoka safari, Bi Esha hunisimamisha ukumbini, "Zitu zako ni hizi tu?", nami sijibu kwa mdomo tena, nalimwaga begi lote chini, mpaka soksi.