Bangili na Meza Inayosikia

Asubuhi ya mwisho waliyokaa pamoja kama kawaida, Mukuka alikuwa anatafuta chumvi. Uji ulishaanza kupoa. Mke wake Kunda, mama wa binti yao Angélique, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua kichwa.

"Tano, mbili," akasema.

Mukuka akarudi kwenye kona ya mlango, akahesabu hatua tano kulia, mbili mbele. Chumvi ilikuwa pale, nyuma ya ndoo.

"Mama Angélique, si ungesema tu nyuma ya ndoo?"

"Ndoo inatembeaka. Namba haitembeake."

Jioni homa ikamshika Kunda. Ijumaa wakamzika. Nyumba yao ya mtaa wa Kampemba bado ina namba zake zote: chumvi tano, mbili; redio moja, nne; kiti cha Kunda tatu, moja. Mukuka hajahamisha kitu.

Namba hizo Kunda alizitoa kazini. Alikuwa mtu wa kunakili ramani kwenye ofisi moja ya mgodi. Miaka mingi alipitisha wino juu ya karatasi ya kalki inayopitisha mwanga, mashimo na njia za chini ya ardhi, na mkono wake haukujua kutetemeka. Watu walisema Kunda akikata kitunguu, kitunguu chenyewe hakijui kama kimekatwa.

Mwaka 1985 ikaja meza. Ilikuwa pana kama kitanda, nyeupe, na kamba moja iliifunga kwa ordinateri, yaani kompyuta. Kunda akapewa kifaa cha kuenea kiganjani, chenye kioo na alama ya msalaba ndani yake. Wakakiita panya kwa sababu ya mkia wake wa waya. Kazi ilikuwa hivi: unatandaza ramani juu ya meza, unafikisha msalaba juu ya mstari, unabonyeza, unasogea, unabonyeza tena. Wiki ya kwanza mstari ukatoka kwenye ekrani ya ordinateri kama nyayo za mlevi. Wiki ya pili, mlevi akawa bado hajalala.

Ingénieur Mwenze, mhandisi mkubwa wa ofisi, akamwita kwa cheo cha kila raia siku hizo.

"Citoyenne, unakunywaka?"

"Chai, citoyen ingénieur."

"Siku hizi pombe ya lutuku njo banaita chai? Mukono yako inatetemeka. Siku ya lundi nitaweka muntu mwingine ku meza. We utapikia ofisi chai, kwa sababu unaijua muzuri."

Kunda hakulia. Alifika nyumbani akapika bukari, ule ugali wao, ngumu sana, hata jirani yao Godefroid, aliyekuja kuomba moto akabaki kula, akauliza kama wanajenga. Ndipo Mukuka akajua kuna neno. Akauliza, akaambiwa.

Mukuka hakusoma. Lakini miaka ishirini alikuwa anafunga nyaya za shaba ndani ya motere za mashine, kwenye karakana, atelier. Motere ikiungua, ni yeye aliyeifungua na kuifunga upya.

"Nielezee hiyo meza," akasema.

Kunda akachomoa vijiti vya fagio. Vingine akavilaza kwa urefu, vingine akavipitisha juu yake.

"Ndani ya meza kuko nyaya, kama hivi. Hizi zinaenda huku, hizi huku. Ndani ya panya kuko waya ya kuzunguka, kama ile ya motere yako, lakini kadogo. Panya inaimba. Waya yenye iko chini yake inasikia kupita wenzake. Meza inahesabu: waya ya ngapi huku, waya ya ngapi kule. Inapitisha namba mbili mu kamba, zinafika ku ordinateri. Nikisogea, inatuma zingine mbili. Basi."

"Na ramani?"

"Meza haione ramani. Unaweza kutandaza hata shuka ya Godefroid."

"Shuka yangu imekosa nini?" Godefroid akauliza, tonge mkononi.

"Na ordinateri iko kipofu," Kunda akasema. "Inaamini ile yenye inaambiwa."

Mukuka akakunja kijiti kimoja kikawa duara. Kwenye motere alijua jambo moja: duara la waya likijifunga lenyewe kando ya mengine, linaiba. Linakula nguvu ambayo si yake. Akatazama mkono wa Kunda juu ya vijiti. Kwenye kifundo ilikaa bangili nene ya shaba, duara lisilo na kiungo. Yeye mwenyewe aliitengeneza na kuifunga kwa moto, mwaka waliooana. Ilikuwa imemaliza miaka kumi na tisa bila kutoka mkononi.

"Mwizi njo mimi," akasema. "Bangili yangu njo inakula sauti ya panya."

Kunda aliolewa mwembamba. Siku hizo hakuwa tena mwembamba. Sabuni ikashindwa kuitoa bangili. Mafuta ya ngazi, yale ya mawese, yakashindwa. Godefroid akashauri Kunda afunge kula, na bukari yake yeye ataibeba. Jumapili baada ya misa, Mukuka akaleta msumeno wa chuma, akaingiza kipande cha ngozi chini ya bangili. Akaweka msumeno juu ya shaba, akauondoa.

"Kata, baba."

"Bangili ya ndoa haikatwe."

"Basi nitapika chai mpaka pensheni. Kata!"

Akakata. Pakabaki nafasi nyembamba kama ukucha. Kunda alitaka aipanue itoke kabisa. Mukuka akakataa.

"Enda nayo hivi. Duara imekatika. Mwizi amekosa njia ya kuzunguka."

Jumatatu jioni, lundi ile ya Mwenze, Kunda alirudi anacheka toka barabarani, akasimulia mara tatu. Aliomba kujaribu mara ya mwisho, akakaa kwenye meza, Mwenze amesimama nyuma yake. Akabonyeza, akasogea. Mstari ukanyooka kama reli. Mwenze hakuamini. Akainama, akanyoosha mkono karibu na panya aonyeshe pembe moja ya ramani. Mkono huo ulivaa saa kubwa yenye mkanda wa chuma. Mstari ukaanza kucheza.

"Citoyen ingénieur," Kunda akauliza kwa heshima, "unakunywaka?"

Ofisi nzima iliangusha kalamu ili iziokote chini ya meza. Mwenze akavua saa. Chai ya siku ile alijipikia mwenyewe, na Kunda akabaki kwenye meza yake.

Mukuka alikuwa ameshaandaa moto na koleo aifunge bangili tena, watu wasije wakasema. Kunda akauondoa mkono. Akahesabu hatua zake kutoka mlangoni, akakaa kwenye kiti cha dirishani, akasema:

"Acha, Baba Angélique. Miaka kumi na tisa ulinifungia, hukujua kama ningeweza kutoka ningetoka au ningebaki. Leo bangili iko na mulango, na mi niko palepale. Hesabu we mwenyewe: tatu, moja."