Mti Wenye Raba

Tangu aache pombe, baba watoto haanzi mbio zake za asubuhi kabla ya kusimama pekupeku uani, kiganja mgongoni chini kabisa, palipo na chakra, kile kitovu cha nguvu za mwili anachoamini humshikilia ardhini. "Mimi ni mti," ananguruma, macho kayafumba. "Baba, mti haukimbii," bintiye humkumbusha. Mkewe dirishani hucheka mpaka mbavu zimuume. Ulevi ulikuwa na kelele, lakini haukuwahi kumtia mawe mekundu ya kuamsha chakra kwenye soksi. Kisha mti huvaa raba na kutimua mbio, bukta ikipepea, hadi kona ya baa, ambako walevi wenzake wa zamani humwita: "Mti wetu, njoo tukumwagilie!" Akishakata kona hiyo mkewe haoni kitu tena, na kicheko humkauka. Akirudi anatweta, mkewe humlaki mlangoni kwa busu la mdomoni, refu, huku akivuta pumzi kwa pua.