Korosho Tatu Zilizopotea

Wiki iliyopita mwalimu wa darasa la kwanza, huku kwetu nje ya mji wa Mtwara, aliniita shuleni. Mjukuu wangu hawezi kujumlisha, akasema, na Jumatatu atamhamishia benchi la nyuma, la wazito wa hesabu. Moyo ukanishuka, maana mtoto namlea mimi, nami darasa sikulijua.

"Tazama mwenyewe, bibi." Akamwaga mezani korosho nilizomfungia mtoto za kuhesabia, akamgeukia mtoto mwenyewe. "Weka saba. Ongeza tano. Haya, ziko ngapi?"

Mtoto akapanga, akainama, akachelewa kidogo. "Tisa, mwalimu."

Mwalimu akanitazama. Mimi nikatazama shavu la mjukuu wangu, lililokuwa likicheza.

"Unatafuna nini, mama?" nikamuuliza mtoto.

"Korosho, bibi. Zilikuwa kumi na mbili. Tatu nimekula."

Kosa langu hilo. Nilizikaanga kwa chumvi, nikamtuma mtoto azitazame tu.

Mwalimu akacheka mpaka akajifuta macho. Kwa kujisahau akachukua mbili akatia kinywani.

"Sasa zimebaki saba," mtoto akasema, bila hata kuangalia mezani.

Habari ya benchi la nyuma ikaishia hapo.

Wazazi wenzangu, hata asiyesoma anaweza kukaa mkekani jioni akamsikiliza mtoto akihesabu. Ila cha kuhesabia mpeni makombe, yale maganda ya pwani yasiyolika. Wangu korosho anazikuta nyumbani akirudi, na siku hizi huzihesabu kwanza, kwa sababu anajua nami nina meno.