Komeo la Nje

Dada yangu mtaani walimwita Shoka, na hakuna aliyemwonea kwa jina hilo. Bucha aliirithi kwa baba yetu, pamoja na gogo la kukatia nyama, mizani ya mawe na hasira. Alikuwa anashika paja la ng'ombe kwa mkono wa kushoto na kuliangushia shoka kwa mkono wa kulia bila kutazama, huku akibishana na mteja anayelalamika kwamba mifupa imezidi. "Kwani ng'ombe wa kwenu hutembea bila mifupa?" alimuuliza, na shoka lilitua palepale lilipotakiwa. Mimi, mdogo wake, kazi yangu ilikuwa kwenda machinjioni na mkokoteni, kuleta nyama, kuitundika kwenye ndoano, na jioni kusukumia maji ya damu nje kwa ufagio.

Sasa mtu kama huyo, wa kuvunja mapaja ya ng'ombe, alikuwa hoi kwa riwaya za mapenzi. Na si riwaya zote. Alitaka aina moja tu: mji mdogo, mwanamke mkali, mwanamume mkali zaidi, wanachukiana tangu ukurasa wa kwanza, hata salamu hawapeani, mpaka siku moja mvua inanyesha na wanajikuta chini ya paa moja. Ukimpa kitabu ambamo watu wanapendana tangu mwanzo alikirudisha kama nyama iliyochacha.

Vitabu vilikuwa vya msusi wa ng'ambo ya barabara. Saluni yake ilikuwa na sheria: anayesukwa ndiye anayesoma, kwa sauti, na wengine wasikilize. Kichwa kizima huchukua nusu siku kusukwa, kitabu chembamba nacho vivyo hivyo, kwa hiyo kichwa kikiisha na kitabu kinapaswa kiwe kimeisha. Wapenzi wakikaribia kushikana mikono, vidole vya msusi vilipunguza mwendo. Wakigombana, alivuta nywele mpaka msomaji akatoa machozi. Tulitoka pale vichwa vinauma na mioyo imelainika. Vitabu alivyosoma dada ulivitambua kwa alama za mafuta pembeni, na msusi hakulalamika, maana nani angelalamika mbele ya Shoka?

Niliwahi kumuuliza utamu wake uko wapi. Mumewe alikuwa ameondoka zamani, na hata kugombana hawakugombana. Alikunja nguo zake, akaacha ufunguo juu ya gogo, akaenda zake.

"Mdogo wangu," alinijibu, "adui anakutazama. Anajua umeamka saa ngapi, umevaa nini, unacheka na nani. Mimi siku niliyonyoa nywele zote, mume wangu alikula, akanawa, akalala. Hakuona."

"Na kwa nini lazima mji uwe mdogo?"

"Kwa sababu hakuna pa kukimbilia. Mtakutana dukani, mtakutana msibani, mtakutana njiani. Mwisho wake mpendane au muuane." Akacheka. Sikucheka sana, lakini nilimwelewa, na hata leo namwelewa.

Ndipo seremala akahamia chumba cha pili. Mrefu, mkimya, mikono minene, uso wa kupendeza ukiutazama kwa mbali. Randa lake lilirusha vumbi la mbao, na vumbi likatua juu ya nyama yetu. Maji yetu ya damu nayo yalipita chini ya ukuta wake na kulowesha mbao zake. Mtu mwenye akili angeona hapo ugomvi wa mfereji. Saluni waliona mapenzi. Siku ya kwanza wawili hao waliporushiana matusi, msusi aliinua chanuo juu akasema, "Jamani! Imeanza!"

Ilianza kweli. Dada alimmwagia ndoo ya maji ya damu juu ya mlango aliokuwa ametoka kuupaka vanishi. Seremala aliokota kipande cha ubao, akaingia buchani, akampiga nacho mdomoni. Jino likaangukia juu ya gogo. Dada aliliokota, akalitia mfuko wa aproni, akachukua jiwe la mizani la kilo moja na kumtupia. Lilimpata kwenye paji la uso, ngozi ikafunguka, nikaona kitu cheupe kabla damu haijakifunika. Watu walijaa nje kama uwanjani, na wengine walipiga makofi. Siku iliyofuata seremala alipita na uzi wa hospitali juu ya nyusi, na saluni wakakubaliana kwamba kovu litamfaa.

Baada ya hapo aliingia buchani mara moja tu bila ubao. Nilikuwepo, napanga maini. Mkono wa kushoto wa dada ulikuwa umelala juu ya gogo, na seremala aliweka kidole chake juu yake, taratibu, kama mtu anayepima mbao.

"Mkono huu," alisema kwa sauti ya chini, "ipo siku nitaukatia hapa hapa."

Nikavuka barabara mbio kuwaambia wanawake wa saluni, maana nilitaka mashahidi. Nilitaka mtu aseme huyu mwanamume ni hatari. Msusi aliweka kiganja kifuani. "Amemgusa mkono?" aliuliza. "Polepole?"

Nilirudi na hasira. Na dada yangu naye, Mungu amsamehe, jioni ile nilimkuta anaupaka mkono ule mafuta. "Ana macho mazuri, mbwa yule," alisema.

"Dada!"

"Nimesema macho. Sijasema moyo." Kisha alilihamisha shoka kutoka kwenye msumari wake ukutani akaliweka chini ya meza, karibu na goti. Kwa hiyo alijua. Dada yangu alisoma vitabu, lakini hakuwa mjinga. Wajinga walikuwa ng'ambo.

Siku ya mvua nilichelewa machinjioni. Ng'ombe wetu alichinjwa mwisho, barabara ikawa tope, na mkokoteni ukanasa. Huku nyuma, saluni walikuwa wamefika kwenye sura waliyoingoja: wanawake wa mji wamechoka na ugomvi wa mwanamke mwenye kinu na mwanamume mwenye malori, wanawafungia ndani ya ghala mvua ikinyesha, na asubuhi wawili hao wanatoka wamejifunika koti moja. Haya yote nimeyapata kwa aliyekuwa anasukwa, aliyekuwa na kitabu mkononi.

Mfereji uliziba. Maji yakafurika kwa seremala na kuharibu kitanda cha wateja ambacho vanishi yake haikuwa imekauka. Walimwona akitoka chumbani kwake amelowa, patasi kwenye mfuko wa nyuma, akaingia buchani na kuusukuma mlango nyuma yake. Dirisha la kuuzia dada alikuwa amelishusha kwa ajili ya mvua. Msusi alitazama kitabu, akatazama mlango. Aliacha kichwa cha mteja nusu, akajifunika mfuko wa nailoni, akavuka barabara na kulisukuma komeo la nje, lile tunalofungia kwa kufuli jioni. Akarudi anacheka na miguu imejaa tope. Wakavuta viti hadi kizingitini.

Kilisikika kishindo. "Mizani hiyo," mmoja alisema. Kikafuata cha pili, kisha sauti ya dada, lakini mvua juu ya mabati haikuacha neno lipite likiwa zima. "Wanatoleana ya moyoni," alisema mwingine. Halafu mlango ukagongwa kutoka ndani, haraka haraka, kwa kiganja. Msusi aliweka mikono mdomoni akapaza sauti: "Subirini mvua iishe!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mlango uligongwa tena, ukanyamaza.

Hapo ndipo nilipotokea na mkokoteni wangu, paja la ng'ombe juu, ndoano ya kubebea nyama mkononi. "Usifungue!" waliniita. "Shemeji yako yumo ndani!"

Nilitazama chini. Maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango wa bucha, mekundu, yanaelekea kwenye mfereji. Wao waliyaona pia. Waliyaona kila siku tangu bucha iwepo, kwa hiyo hawakuyaona. Lakini nyama ya siku ile ilikuwa kwenye mkokoteni wangu. Sakafu nilikuwa nimeipiga deki mwenyewe jana yake, ndoano zilikuwa tupu. Mle ndani hakukuwa na mnyama wa kutoa damu.

Komeo lilikuwa limelowa, likanikatalia. Nililipiga kwa ngumi mpaka likateleza.

Seremala alikuwa amemlaza dada kifudifudi juu ya gogo, goti lake mgongoni mwa dada, mkono wa kushoto ameuvuta mbele. Vidole vitatu havikuwepo. Taya la seremala lilikuwa limehama upande, maana jiwe la kilo mbili lilikuwa limeshapita hapo, na jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, lakini shoka alikuwa nalo yeye na alikuwa analinyanyua tena, sasa analenga kifundo. Nilimtia ndoano chini ya bega nikaivuta kwa uzito wangu wote, kama ninavyoshusha ng'ombe kutoka kwenye reli ya machinjioni. Alianguka nyuma, shoka likagonga saruji. Dada aligeuka, akachukua kwa mkono uliobaki jiwe lile lile la kilo mbili, akampiga goti, akampiga tena, akampiga mpaka goti likaacha kuwa goti. Nilimwacha ampige. Kisha aliketi sakafuni kwenye maji na kuniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, nimtafutie vidole vyake.

Nilipotoka nimembeba, wanawake walikuwa wamesimama kizingitini. Aliyekuwa anasukwa alikuwa bado ameshika ukurasa kwa kidole gumba. Askari walipokuja kuuliza, mmoja wa wanawake aliwaambia kwamba hawa wawili walikuwa wapenzi. Nilimzaba kibao mbele ya askari, na sijutii.

Seremala alipona, akafungwa, na sina la kusema zaidi juu yake. Watu wananiambia vile vitabu vichomwe. Mimi najibu kwamba kitabu hakikuvuka barabara. Dada yangu alivisoma kuliko wote, na ndiye aliyeliweka shoka karibu na goti. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba hata wale wa ng'ambo wanajua tofauti.

Msusi alikuja hospitali kipindi cha kuona wagonjwa, mchana, na chanuo, chupa ya mafuta na kitabu. Dada alikuwa ameegemea mto, uso umevimba, nywele zimefumuka upande mmoja, mkono wa kushoto umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Nilitaka kumfukuza. Nilikuwa nimeshasimama.

"Mwache," dada alisema.

"Dada, pole," alisema msusi. "Nimekuja nikusuke tu. Sitakuumiza."

"Soma kwanza."

"Lakini anayesukwa ndiye—"

"Nitashika kitabu na nini?"

Msusi aliketi ukingoni mwa kiti. Kilikuwa kitabu kile kile, alama ya ukurasa ikiwa palepale walipoachia. Alisoma mwenye kinu na mwenye malori walivyofungiwa ghalani, mvua ilivyonyesha, walivyotukanana. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Alisoma mwanamume alivyoupiga ukuta ngumi karibu na sikio la mwanamke, na mwanamke alivyoona machozi machoni pake. Alisoma mpaka walipotoka asubuhi, koti moja, watu wa mji wamejipanga njiani wanashangilia.

"Hapo kwenye ngumi," dada alisema. "Kabla ya machozi. Mlangoni palikuwa na nani?"

Msusi alirudisha ukurasa. "Wapi?"

"Nje. Waliowafungia. Walikuwa wapi?"

Alirudisha ukurasa mwingine, na mwingine. Vidole vile vinavyogawa nywele bila kukosea vilikuwa vinararua pembe za karatasi. "Hawajatajwa, dada."

"Tafuta vizuri."

Alitafuta. Alitafuta kweli, nilimwona, midomo ikienda, machozi yakidondoka juu ya kurasa zenye alama za mafuta. "Hakuna mtu," alisema mwishowe.

Dada aliunyanyua ule mkono uliofungwa akauweka juu ya kitabu, katikati ya mistari.

"Niligonga kwa mkono huu," alisema. "Vilikuwa bado vitano. Na nilikusikia ukinijibu."